Subirini Jumapili

Watu wanaotaka kunisifu husema nina akili ya kufuma kisa. Husema msomaji wangu hajui anakopelekwa mpaka afike, na akifika anarudi nyuma kutafuta pale alipochezewa. Nimeyasikia hayo kwa watangazaji wa redio waliorusha michezo yangu, nimeyasikia kwenye semina, na mara moja kwa daktari wa macho aliyekuwa ananipima huku akinisimulia hadithi yangu mwenyewe. Huwa nashukuru, nabadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita, katika semina ya waandishi chipukizi, kijana mmoja mwerevu kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wake aliniomba nimfundishe namna ya kuficha jambo hadi ukurasa wa mwisho. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ajifunze kwanza kulisema jambo hilo ukurasa wa kwanza, na darasa zima likacheka wakidhani natania. Sikuwa natania. Asubuhi ile Editha alikuwa amenipigia simu kutoka Kasulo kunijulisha kwamba mama yake, Yustina, amefariki, na tangu nilipokata simu nilikuwa naiona baraza ya duka la kijiji na cherehani iliyogeuzwa kulielekea jua la asubuhi.

Mwaka ule vita na jirani zetu wa kaskazini ilipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wale walimu tuliofunzwa upesi upesi na kutawanywa vijijini ili kila mtoto apate wa kumfundisha. Nilitoka Nemba, upande wa Biharamulo, nikapangiwa shule ya kijiji kimoja cha ujamaa katika kata ya Kasulo, wilaya ya Ngara. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari kando ya barabara tangu watu walipoteremshwa kutoka vilimani, na wenyewe walikuwa bado wanapanda huko juu kila siku kuangalia migomba yao ya zamani. Nilipewa chumba kwa Mama Velediana, mjane mfupi mwenye mikono mikubwa ambaye alinipokea kama mzigo wa serikali na baada ya wiki mbili akaanza kuniita mwanangu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyotengenezwa kwa sanduku la majani ya chai, na ukuta wa udongo usiofika juu, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni kilinifikia pamoja na moshi wake. Leo tulikula ndizi kwa maharage, kesho ugali wa muhogo kwa maharage, na dagaa wakipatikana ilikuwa sikukuu. Nilisahihisha madaftari ya watoto huku nikiwasikiliza wanawake waliokuja kuomba moto. Walizungumza Kihangaza, ambacho hakikunipa taabu kwa kuwa kinakaribiana na Kisubi chetu. Walihesabu malori ya jeshi yaliyopita kwenda kaskazini, walitaja nani kaitwa na nani kajificha, wakashusha sauti walipofika kwa watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto wakiwa na magodoro kichwani. Kiswahili kiliingia jikoni pale tu alipopita mtu wa ofisi. Kilikuwa lugha ya kuandikishwa, ya kuitwa mkutanoni, ya kuambiwa kesho ni zamu ya nani shambani. Nililijua jambo hilo kama nilivyojua wekundu wa udongo wa kijiji, na sikulifikiria hata dakika moja.

Hadithi ndizo zilizokuwa za Kihangaza. Mama Velediana alizisimulia wakati wa kumenya ndizi, jua likiwa bado lipo, wajukuu na watoto wa jirani wakiwa wamechuchumaa kuzunguka maganda. Kila hadithi aliifungua kwa maneno yale yale, na watoto walipaswa kuyaitikia. Wasipoitikia wote, alinyamaza akaendelea kumenya kana kwamba hakuna kilichoanza. Mwisho aliifunga vilevile, kwa kusema kwamba aliyekwisha si yeye, ni hadithi. Nilimwona anapoteza muda. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vitatu vya hadithi za upelelezi, tena kimoja bila jalada, nikajiona nimeielewa siri yote ya uandishi. Siri yenyewe, kwa akili yangu ya wakati ule, ilikuwa kumshika mtu kabla hajajua kwamba ameshikwa. Sasa wewe umwambie kabisa kwamba unaanza kumdanganya, halafu umsubiri aitikie? Nilicheka peke yangu nyuma ya ukuta.

Fundi Salvatori alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la kijiji. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, futi ya kupimia shingoni na pini pembeni mwa mdomo, na alikuwa akiimba kwa ndani huku anakanyaga mashine. Ushonaji alijifunzia Buganda, alikokwenda kijana kutafuta kazi kama walivyokwenda wanaume wengi wa Ngara, akarudi na cherehani, na desturi ya kumwita kila mteja kwa heshima hata akiwa mtoto. Nilimpelekea kitambaa cha maua nilichotumiwa kutoka nyumbani, anishonee gauni. Alinipima bila kunigusa zaidi ya ilivyopasa, akataja namba kwa sauti, mkewe Yustina akaziandika katika daftari la shule lenye jalada la kijani kwa sababu mikono ya fundi mwenyewe ilikuwa na mafuta ya mashine. Mw. 34, 27, 38. Juu ya mstari wangu walikuwapo mgambo wote wa kijiji, kwani ndiye aliyewashonea mashati, kila mmoja kwa herufi mbili za jina na safu ya tarakimu. Niliutazama ukurasa ule, nikapata wazo. Nakumbuka furaha yenyewe ilivyonipanda kifuani, na kwa miaka yote hii sijapata kuandika kitu kizuri bila kuisikia tena furaha ile na kuiogopa.

Katibu wa kijiji alikuwa ametutaka walimu tutunge mchezo wa kuigiza kuhusu kuwa macho. Kulikuwa na hofu ya majasusi kila mahali, hata mwendawazimu aliyepita akiongea peke yake alishikwa akahojiwa. Niliuandika mchezo kwa siku nne. Kijiji kina jasusi, na mtazamaji anapewa watu wa kuwashuku: muuza chumvi mgeni, mama mwenye redio, mlevi asiyejulikana anapata wapi pombe. Kisha balozi wa nyumba kumi anasimama na daftari la fundi cherehani, mtu ambaye hakuna aliyemdhania, anasoma tarakimu zake na kuzifasiri. Kifua arobaini ni malori arobaini. Mkono ishirini na tatu ni bunduki ishirini na tatu zilizoko mahali fulani. Fundi anafungwa kamba anaondolewa. Hapo ndipo wengine wangemalizia, na mimi nilijiona si wa kumalizia hapo. Katika onyesho la mwisho mtoto wa shule anaiokota ile futi iliyoanguka, anampima balozi mwenyewe mbele ya watu, na namba zinatoka zile zile zilizosomwa. Daftari lilikuwa vipimo tu, fundi hana kosa, na jasusi ni huyo aliyetaka watu waangalie kwingine. Nilipoandika mstari ule wa mwisho niliinuka nikazunguka meza. Hakuna aliyeujua mwisho huo ila Gervasi, mwalimu mwenzangu aliyecheza fundi, mwalimu mwingine aliyecheza balozi, na mtoto mmoja niliyemwapisha kwa kumpa peremende.

Nilikuwa na ujanja mwingine pia. Sikutaka mchezo uanze kama mchezo. Nilimwomba katibu wa kijiji, katibu halisi, apande jukwaani baada ya misa ya Jumapili kama kawaida yake, atangaze kuchimba vyoo, atangaze maharage ya kuchangia askari, kisha bila kupumua atangaze kwamba kuna jasusi kati yetu, na waigizaji waanzie pale pale, kwa Kiswahili kile kile. Aliupenda mpango huo sana. Nilimsimulia Mama Velediana nikitaka anisifu naye. Aliendelea kumenya hadi ndizi ikaisha.

"Mwarimu, nani atawaambia kwamba ni hadithi?"

Nikamwambia watajua wenyewe wakifika mwisho, na kwamba raha yake iko hapo.

"Na asiyefika mwisho?"

Nilimjibu kwamba mchezo wangu hakuna atakayeondoka katikati. Hakunibishia. Alisema tu kwamba yeye hawezi kumwingiza mtu ndani bila kumwonyesha mlango wa kutokea, akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye.

Jumapili ile uwanja wa shule ulijaa. Katibu alitangaza vyoo, akatangaza maharage, akatangaza jasusi, na nikaona mgongo wa kila mtu ukinyooka. Nilidhani ni sanaa yangu inayofanya kazi. Gervasi alitoka na futi shingoni, pini mdomoni, akiimba kwa ndani, na watoto wakaanza kucheka kwa kumtambua mwenyewe. Salvatori alikuwa amesimama upande wa kulia na mkewe. Ile futi ya Gervasi ni yeye aliyetuazima. Alicheka kuliko wote, akawapiga watu mabega akiwaonyesha: huyo ni mimi, huyo ni mimi. Yustina alikuwa na mimba, ameegemea mti wa bendera. Editha, mwenye miaka saba, alikaa mbele kabisa na kaka zake wawili. Balozi wa mchezoni akasoma daftari, akafasiri malori, akafasiri bunduki, na hapo hapakuwa na aliyecheka tena isipokuwa Salvatori. Gervasi akafungwa kamba, akapelekwa nyuma ya darasa la tano. Mtoto wangu wa futi alikuwa ameshapiga hatua mbili kuingia uwanjani wakati mvua iliposhuka. Mvua za miezi ile haziombi njia. Kwa muda wa kusema Baba Yetu uwanja ulikuwa mtupu, watu wamekimbilia kwao, na mimi nimesimama chini ya upenu nimelowa, nimekasirika kwa ajili ya onyesho langu. Katibu aliniliwaza. Tutarudia Jumapili ijayo, alisema, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikatulia. Niliona hata ni vizuri, watakaa juma zima na hamu.

Jumatatu nilipita barazani. Salvatori aliondoa pini mdomoni ili acheke vizuri. Aliniambia kwamba jana usiku amewachezea wanawe mchezo mzima nyumbani, amecheza na balozi na mlevi, na kwamba Gervasi anaimba vibaya, aje amfundishe. Kisha akaniuliza, mwalimu, hebu nidokeze, mwishoni nafanywaje? Wananinyonga? Nikamwambia asubiri Jumapili. Alifurahi, akarudisha pini mdomoni, akasema gauni langu litakuwa tayari kabla ya hapo, nivae siku hiyo.

Hadithi yangu ilikuwa inatembea jikoni wakati huo na sikuitambua. Wanawake waliokuja kuomba moto walisema kwa Kihangaza kwamba serikali imetangaza. Hawakusema mchezo umesema, wala mwalimu amesema. Walisema limetangazwa na katibu, kwa Kiswahili, pale pale yanapotangazwa mambo. Mmoja alikumbuka kwamba fundi aliishi Buganda, huko kwa adui, miaka sita. Mwingine alisema huwa anawapima mgambo hata migongo, mgongo wa nini? Niliyasikia yote nyuma ya ukuta wangu usiofika juu, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na nikatabasamu. Naandika hili kwa aibu ambayo haijapungua. Nilitabasamu kwa sababu walikuwa wamenaswa vizuri, na nilijua jinsi watakavyopigwa na mshangao Jumapili. Kadiri walivyomshuku zaidi ndivyo mwisho wangu utakavyokuwa mtamu zaidi. Jumatano Mama Velediana aliniuliza kwa nini nisiende barazani kuwaambia watu tu kwamba lile lilikuwa jambo la kutunga. Nikasema nikisema sasa nitauharibu mchezo.

Alhamisi alikuja katibu kata. Aliingia darasani kwangu mwenyewe, watoto wakasimama wakamwamkia, akawaambia wakacheze. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, hakuwa na ukali wowote, na nimejaribu mara nyingi kumkumbuka kama mkali ili nijisaidie. Alikaa kwenye dawati la mtoto. Alisema amesikia habari za mchezo, kwamba ni kazi nzuri, kwamba wilayani wanahitaji vijana kama mimi. Alisema daftari la kijani limeonekana na lina tarakimu na herufi za mgambo wote.

"Mwalimu, hili la daftari ulilijuaje?"

Jibu lilikuwa na maneno mawili. Nililitunga mwenyewe. Ningeweza pia kumwambia mwisho, kwamba ni vipimo vya mashati, hata lake mwenyewe huenda limo. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtu mkubwa amekaa kwenye dawati dogo ananitazama kama mtu mwenye siri, na siri yenyewe ilikuwa yangu. Niliona nikimwambia yeye, atamwambia katibu wa kijiji, katibu atamwambia mkewe, na Jumapili nitacheza mbele ya watu wanaojua. Nilimtolea tabasamu nililokuwa nimelizoea kwenye kioo.

"Subirini Jumapili," nikasema. "Mtaona yote."

Alinitazama kidogo, akakohoa, akaandika kitu. Alinishukuru kwa uangalifu wangu, akaondoka. Niliwaita watoto tukaendelea na kuzidisha kwa nane.

Jumamosi asubuhi walikuja na gari. Nilikuwa kisimani, nikasikia watu wanakimbia, na nilipofika barazani cherehani ilikuwapo, suruali ya mtu iko chini ya sindano, na kiti kimeanguka. Yustina alikuwa ameketi chini ameshika futi. Watu walisimama mbali naye kidogo, kiasi cha hatua nne, kama walivyosimama siku nyingine mbele ya ofisi. Nilikimbia hadi kwa katibu kata bila viatu. Nilimwambia kila kitu, mwisho wote, mtoto na futi na balozi, nikalia, nikamwonyesha daftari langu la mchezo lenye maandishi yangu. Alilisoma lote akiwa amesimama. Mwishowe alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwa nini hukuniambia Alhamisi? Gari limekwisha kwenda, na walikompeleka hata yeye haulizi. Aliandika barua hata hivyo. Nilikwenda nayo mjini, nikakaa kwenye benchi siku tatu, nikaambiwa mtu wa jina hilo hayupo, kisha nikaambiwa alikuwapo akapelekwa mbele, kisha aliyenijibu akabadilishwa na mwingine asiyejua lolote. Salvatori hakurudi. Hapakuwa na kaburi, hapakuwa na karatasi. Vita ikaisha, watu wakacheza ngoma barabarani, malori yakarudi kutoka kaskazini, na kila lori lililosimama pale kijijini Yustina alitoka nje na mtoto mgongoni akasimama mpaka liondoke.

Mchezo hatukuurudia. Gervasi alikataa hata kupita barazani, akaomba uhamisho. Ila kitu ambacho hakikuniacha nilale kwa mwaka wote uliobaki ni kwamba hakuna aliyenilaumu. Nilisubiri nitemewe mate kisimani. Badala yake wanawake walinipisha kwenye foleni. Kwao mimi nilikuwa nimepewa karatasi na ofisi nikawasomea watu nilichopewa. Serikali ilijua, ikatangaza, ikachukua. Kati yao Mama Velediana peke yake alijua, naye hakusema neno, ila tangu siku ile hakusimulia hadithi nikiwa chumbani. Alikuwa akisubiri nitoke. Nilikuwa nikirudi nakuta maganda na watoto wanaondoka. Kama mwezi mmoja baadaye Yustina alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Lilikuwa gauni langu. Alisema fundi alikuwa amelikata na kuliunga kabla, yeye amemalizia pindo kwa mkono, nisamehe mishono yake mikubwa. Nilimwambia dada, sikustahili, akadhani nasema habari ya msiba. Alitaka nilivae alione. Nililivaa. Lilinikaa sawasawa, kifua, kiuno na nyonga, hakuna palipobana wala palipolegea, na alinizunguka akilivuta pindo lishuke sawa, tumbo lake likinigusa, akasema fundi alikuwa hakosei vipimo. Niliungama kwa padri kwa maneno ya jumla. Kwa Yustina sikuungama. Nilijiambia ana mimba, kisha nikajiambia ananyonyesha, kisha nikapata uhamisho kurudi Biharamulo, kisha miaka ikawa mingi na ikawa ni jambo la kumwandikia, na mimi kwenye barua huwa napata maneno mazuri kupita kiasi. Nilirarua kila barua kwa sababu ilikuwa nzuri.

Nikawa mwandishi, na hilo ndilo jambo ambalo mtu mwenye adabu asingelitegemea kabisa. Ningeweza kusema nilifanya hivyo ili nijirekebishe. Uongo, nilifanya kwa sababu nilikuwa naweza. Lakini siupendi werevu wangu. Nautumia kama mpishi anavyotumia kisu kilichowahi kumkata mtoto wake, yaani kila siku, na kila siku akijua kiko wapi. Kabla sijaruhusu kitu kichapwe hujiuliza maswali mawili ya yule mjane mfupi, na kuna riwaya mbili zimo kabatini hadi leo kwa sababu sikuweza kuyajibu. Mhakiki mmoja aliwahi kuandika kwamba katika vitabu vyangu wasio na hatia hujulikana mapema mno, na kwamba huo ni udhaifu wa kifundi. Nilikikata kile kipande cha gazeti nikakihifadhi.

Nilifika Kasulo siku ya pili ya matanga. Kijiji kimepanuka, barabara ina lami, lakini nyumba ya Yustina ilikuwa mahali pake na cherehani imo sebuleni imefunikwa kitambaa. Editha sasa ni mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mwenye uso wa baba yake unaonishtua nisipokuwa nimejiandaa. Alinishika mkono akanipeleka uani, kwenye masufuria ya maharage, akanipa kigoda karibu yake kwa sababu mimi ni mwalimu wake wa darasa la kwanza. Tuliongea habari za ugonjwa wa mama. Alisema mama hakuwahi kuolewa tena na hakuwahi kunisema vibaya. Alikuwa akiwaambia kwamba mwalimu alipewa karatasi akasoma, hata yeye alikuwa mtoto wa watu. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayenipa chai. Kisha akasema kuna jambo dogo amekuwa akitaka kuniuliza tangu akiwa na miaka saba.

"Nilikaa mbele siku ile. Mvua ilitukimbiza. Mwisho wake ulikuwaje, mwalimu?"

Nilimwambia. Mtoto anaokota futi, anampima balozi, namba ni zile zile, fundi hana kosa. Mkono wake uliokuwa unakoroga maharage ulisimama.

"Ulikuwa umeshauandika?"

"Ndiyo."

"Kabla hawajamchukua baba?"

"Kabla. Sikupewa karatasi na mtu, Editha. Niliutunga mwenyewe, wote."

"Kuna mtu alikuuliza?"

"Katibu kata aliniuliza. Siku mbili kabla. Nikamwambia asubiri Jumapili."

"Kwa nini?"

Nimeishi kwa maneno, na hapo kigodani yalinijia mengi, yenye umri wangu wa wakati ule ndani yake, na hofu ya vita, na mvua. Yote yalikuwa kweli kidogo. Nikayaacha yapite.

"Nilitaka wapate mshangao."

Aliweka mwiko juu ya mfuniko. Mama mmoja akaja kuchota maharage akaondoka. Hakulia. Kisha akasema kaka zake wako ndani wanakula, na yule mdogo wao, aliyezaliwa baada ya baba kuchukuliwa, yupo nao. Niende nikawaambie kama nilivyomwambia yeye. Nikamuuliza kama atanisindikiza. Akatikisa kichwa.

"Usiipambe," akasema.

Ndani palikuwa na mkeka na sinia la ndizi, na wanaume watatu wamelizunguka, nywele zao zina mvi. Walipotambua ni mimi waliacha kula, wakafuta mikono, wakainuka. Mdogo wao, ambaye hakuwa amewahi kuniona, alinisogezea kiti. Wakaniamkia kwa pamoja, shikamoo mwalimu. Sikuitikia. Niliwaambia kwanza.